Mti Uliomjua Yonazi

Asubuhi ya pili baada ya kuanua matanga nilichukua shati la Yonazi, nikaenda nalo nyuma ya nyumba, nikalinyoosha mbele ya mti wake. Majani yakageuka.

Hayakugeuka kwa haraka. Yalianza yale mapana ya chini, karibu na bomba la utomvu, yakafuata ya katikati, na mwisho vichipukizi vya juu, yote yakielekeza tumbo lao jeupe upande wa shati. Ndivyo yalivyofanya kila Yonazi alipotoka mlangoni. Yeye alizoea kusema, "Mke mdogo ameamka," nami nilimjibu kwamba huyo mke mdogo basi amfulie na soksi.

Nilisimama pale nikingoja nilie. Sikulia. Nilikunja shati, nikalirudisha kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa mpira ili harufu isitoke, nikaenda kuwasha moto.

Yonazi hakufa kwa moyo. Nalisema hili kwa sababu watu wengi waliokuja msibani walidhani hivyo. Mlima ulimeguka mvua ilipozidi, ukashuka na shamba letu la tangawizi lote, naye akiwa ndani yake. Walipomchimbua, bangili ya mkononi inayopima moyo ilikuwa imesimama kwenye kipimo chake cha mwisho. Rangi yake ilikuwa kijani. Moyo wake siku ile haukuwa na kosa lolote. Mti ulikuwa umefanya kazi yake.

Huku Upare wazee walilijua gome la msesewe tangu zamani, na wenzetu wa Mlima Kilimanjaro walitilia uchungu pombe yao kwa gome hilohilo. Ndani yake mna kemikali inayotuliza moyo unaodunda ovyo. Ugumu ulikuwa kwenye kipimo. Kidogo hakifanyi kitu, kikizidi moyo unasimama, na kipimo cha leo si cha kesho, kwa kuwa mwili hubadilika kwa joto, kwa chakula, kwa hasira. Kidonge hakijui kama umekasirika. Ndipo wataalamu wa kitalu cha miti wakakuza msesewe unaosikia. Mgonjwa hupewa mche wake, na kila juma huudondoshea tone la damu kwenye jani moja nene lililo karibu na shina, ambalo tunaliita ulimi. Mti unaionja damu, unajifunza. Baada ya miaka miwili hivi unakuwa umemzoea mwenyewe, na utomvu unaoshuka bombani alfajiri ni dawa yake yeye, ya siku hiyo. Jirani hawezi kuunywa. Unaweza kumwua.

Hilo la majani kugeuka halikupangwa na mtu. Wataalamu walisema ni harufu ya jasho tu, mti umezoea kwamba harufu ile huja pamoja na damu. Hatukubishana nao.

Kila asubuhi niliyokinga utomvu wa Yonazi nilifanya kama mama yake alivyonifundisha nilipoolewa: nilisimama upande linakochomoza jua, nikataja jina la mgonjwa, ndipo nikafungua bomba. Dawa hutajiwa jina. Na mwenye jina akifa, iliyobaki humwagwa kaburini na mti hukatwa, asije mtu mwingine akanywa haki ya marehemu.

Matanga yalikuwa yameanuliwa. Mti ulikuwa bado umesimama.

*

Shemdoe, bwana miti wa tarafa yetu, msimamizi wa miti ya dawa, alikuja Jumatatu. Ni Msambaa, mtani wetu, mrefu, ana pikipiki ya umeme isiyotoa sauti, na mama mkwe hakuwahi kumsamehe kwa pikipiki ile.

"Unaingia kama mwizi wa kuku," alimwambia kutoka kwenye kigoda chake.

"Ningekuja kwa kelele mngenifungulia kesi ya kuwaamsha. Nyie Wapare mna kesi hata na upepo."

"Na nyie mnaongea na miti kwa sababu nyumbani kwenu hakuna anayewasikiliza. Kaa."

Alikaa. Akaushika mkono wa mama, akaigeuza bangili yake kwenye mwanga. Niliona rangi yake kabla hajaificha kwa kiganja. Ilikuwa ya chungwa, ikienda kwenye wekundu. Moyo ule ulitoka kwake ukaenda kwa mwanawe, ila yeye alikataa mche miaka yote. Alisema kifua chake kilishamzoea.

Shemdoe alimtoa matone ya damu kidoleni, akayakinga kwenye kichupa. Utani ulikuwa umemwisha.

"Mama, nikikupa mche leo, itakubidi uungoje miaka miwili."

"Na wewe unaona sina."

"Naona huna mwaka."

Mama alitazama nje, kwa ng'ombe. "Basi sitapanda viazi vingi."

"Lakini kuna mti pale nyuma," Shemdoe alisema, "uliozoea damu ya mwanao. Yako na yake ni ndugu. Ukilishwa damu yako utageuka kwa majuma machache tu. Nitaupima mimi mwenyewe kabla hujaonja. Nahitaji kidole chako hapa, kwamba umekubali." Akamsogezea kile kibao chake cha kioo.

Mama hakukitazama. "Mti ule umekula damu ya mwanangu miaka tisa. Nikiunywa nitakuwa nakunywa nini?"

"Damu haimo. Mti unaisoma tu, kama unavyosoma barua. Ukishaisoma barua huwi karatasi."

"Mimi sikusoma sana, Shemdoe, ila nimezaa. Mti ukatwe. Nakiete, panga liko wapi?"

Nakiete ni mimi. Nilijibu kwamba panga liko kwa jirani. Lilikuwa nyuma ya mlango.

Nilimwomba mama akubali jioni ileile, nikamwomba tena kesho yake tukiwa tunamenya maharage, na mara ya tatu baada ya ibada, tukiwa njiani. Mara zote alijibu kwa upole. Alisema mtoto anatakiwa amle mzazi, amle nguvu zake, amle mali yake, na yeye alikuwa tayari kuliwa mpaka mwisho. Kinyume chake hakukiweza.

*

Shemdoe aliporudi alinikuta peke yangu kwenye banda la tangawizi. Nilikuwa nakwangua zile chache zilizookolewa. Alisimama mlangoni akipangusa miwani.

"Mama yuko wapi?"

"Kwa dada yake."

Alitia mkono mfukoni, akatoa kile kichupa chenye damu, akakiweka juu ya gunia. Kando yake akaweka vijiti vya kupimia, vile vinavyobadilika rangi.

"Hii nilichukua ya kupimia," alisema. "Imebaki. Kichupa kikiwekwa mahali pa baridi hakiharibiki."

Nilipangusa mikono kwenye kanga.

"Kisheria natakiwa kukimwaga," alisema. "Lakini mimi ni msahaulifu, dada Nakiete. Watu wote wa tarafa wananijua. Kijiti kikiwa buluu, utomvu ni wake. Kikiwa cheusi, usimpe hata harufu."

"Alikataa."

"Najua. Nilikuwepo." Akavaa miwani. "Ungependa nikichukue?"

Ndani yangu kulikuwa kama chumba kilichohamwa, ukisema kitu hakuna kinachoitikia. Niliendelea kukwangua. Nilipoinua macho pikipiki ilikuwa imeshapinda kwenye migomba, na kichupa kilikuwa pale kwenye gunia.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri sana. Nilikichukua, nikaenda nyuma ya nyumba, nikadondosha tone kwenye ulimi wa mti. Ulimi ulijikunja, ukafunguka, ukajikunja tena, kama mtu anayeonja mchuzi asioujua.

*

Kila juma nilidondosha tone jingine, na kijiti kilikaa cheusi muda mrefu. Kila asubuhi nilikinga utomvu, nikautia kijiti, nikaumwaga kwenye shimo la majivu. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua bomba, nilisema, "Yonazi." Mdomo ulilisema wenyewe. Kisha kijiti kikawa kijivu, na asubuhi moja ya ukungu mzito kikawa buluu kama anga la kwenye vitabu vya watoto.

Msesewe ni mchungu. Uchungu wake haukai mbele ya ulimi, unashuka nyuma, unakaa kooni. Lakini sisi ni wakulima wa tangawizi, na chai yetu mgeni hulia machozi akiinywa. Niliponda tangawizi mara mbili ya kawaida, nikaongeza sukari, nikatia utomvu kwenye kikombe cha bati cha mama.

Alikunywa. "Leo umetaka kutuchoma," alisema.

"Baridi imezidi, mama."

"Kweli." Akamaliza.

Nilikuwa nikiosha kikombe kile peke yake, mbali na vyombo vingine. Bangili yake ilitoka kwenye chungwa ikaenda njano. Yeye alikuwa haiangalii, aliivaa kama watu wanavyovaa kitu walichopewa na serikali. Shati nililiacha kwenye mfuko. Nilijiambia ni kwa sababu ya ukungu.

*

Mama alirudi mchana mmoja amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Sikuwahi kumwona na mzigo tangu niolewe. Aliutupa mlangoni pa banda, akasimama, akaweka kiganja kifuani, na kukiacha hapo kwa muda kama anayebisha hodi akangoja.

"Nimepanda hadi kwenye mfereji," alisema. "Nimekata, nimefunga, nimeshuka. Sikukaa chini hata mara moja."

"Mungu ni mwema, mama."

"Ni mwema. Ila hana kawaida ya kuficha anapotenda. Nitengenezee chai. Usitie tangawizi."

Niliingia jikoni. Ningeweza kuacha utomvu siku ile. Ningempa chai ya rangi, angekunywa, na mambo yangeishia hapo kwa siku kadhaa. Kikombe kilikuwa mkononi na chupa ya utomvu ilikuwa mbele yangu. Niliutia, nikampelekea kwa mikono miwili.

Alionja. Mama yake mzazi alikuwa mtu wa Rombo, huko Kilimanjaro, mpika pombe, na yeye alikulia kando ya pipa. Alikishika kile kinywaji mdomoni, akakimeza.

"Msesewe."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ukungu ulipoanza."

Aliweka kikombe chini taratibu, kisimwagike.

"Nilikataa mbele yako."

"Ulikataa."

"Ukanisikia."

"Nilikusikia."

"Sasa hapo mimi ni nani, Nakiete? Ni ndama, ananyweshwa dawa ya minyoo huku ameshikwa pua?"

Nilisema, "Nimeshamzika mmoja."

"Na mimi nilizika nini? Mbuzi?"

Kuku walikuwa wanachakura kwenye ule mzigo wa majani.

"Ungeniuliza tena," alisema.

"Nilikuuliza mara tatu, mama."

"Ungeuliza ya nne. Nina kazi gani nyingine siku hizi kuliko kukujibu?"

*

Tangu siku ile hakula mkononi mwangu.

Hakununa. Alinisalimia, aliniuliza kama nimelala, alinitania kuhusu ugali wangu. Ila alijitengea mafiga matatu chini ya upenu, akanunua sufuria yake ndogo, na maji alichota mwenyewe kwa ndoo aliyolala nayo chumbani. Mwanamke wa umri ule, akipuliza moto wa kuni mbichi. Alikuwa akipuliza, anapumzika, anapuliza. Nilimwona kupitia dirishani. Bangili ilirudi kwenye chungwa, siku moja ya soko ikagusa wekundu, na akakaa chini katikati ya kumenya ndizi, kisu mkononi, mdomo wazi.

Nilijua namna ya kumnywesha. Ndoo yake haikuwa na kufuli. Chumvi yake ilikuwa kwenye kopo rafuni. Shemdoe alipita akasema hivyohivyo, kwamba utomvu ukikaushwa unakuwa unga mweupe, rahisi kuchanganya na chumvi.

"Nenda na habari zako za unga," nilimwambia.

"Atakufa, dada."

"Anajua."

"Na wewe?"

"Mimi sitampikia gizani tena."

Aliwasha pikipiki, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wa kuagia.

Niliendelea kukinga. Kila asubuhi niliweka kikombe mezani, mahali pa mama, wazi, bila chai, bila sukari. Nilisema, "Mama, huu ni utomvu wa msesewe. Nimeukinga sasa hivi. Nakuuliza." Naye alisema, "Nimesikia, mwanangu." Jioni nilikuta kikombe hakijaguswa, nikamwaga kwenye shimo la majivu. Sikumbuki kama nilihuzunika. Nakumbuka majivu yalivyokuwa yakitoa povu.

*

Siku ilipofika sikuijua kuwa ndiyo. Nilikuwa nimesimama kwenye mti, upande wa mawio, mkono kwenye bomba. Nilisema, "Yonazi."

"Bado unamtaja yeye?"

Mama alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ameshikilia ukuta kwa mkono mmoja, na mkono mwingine alishika panga, lile la nyuma ya mlango.

"Siku zote unamtaja yeye?" aliuliza tena.

"Sijui kutaja mwingine, mama."

Alisogea, akaegemeza panga kwenye shina. Alihema. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Kumbe," alisema. "Unanipa mimi, unamtaja yeye. Unaniletea mezani unasema unaniuliza, na huku nyuma umeshamwambia mti kwamba ni ya mwanangu. Ningewezaje kuimeza?"

Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimebadili damu, nimebadili kikombe, nimeacha kuficha, na jina sikuligusa.

"Nimekuja kukata au kunywa," alisema. "Kimojawapo. Nimechoka kupuliza moto. Taja jina la anayekunywa."

Kwetu mkwe hatajwi. Tangu nilipoingia katika nyumba ile sikuwahi kulitamka jina alilopewa na wazazi wake, hata kanisani, hata hospitali, ambako niliandika na kumwonyesha karani. Nilisema jina pekee nililoruhusiwa.

"Mama Yonazi."

"Hilo ni lake. La kwangu."

"Siwezi, mama."

"Uliweza kuninywesha nisijue. Hili dogo litakushinda?" Aliketi kwenye jiwe, polepole. "Nakuruhusu. Mti na usikie."

Niliugeukia. Ulikuwa mti tu, gome lenye mikwaruzo ambapo Yonazi alizoea kusugua mgongo akinichekesha. Nikafikiri, nikishatamka hili hakuna asubuhi nyingine nitakayokuwa na sababu ya kusema lile.

"Nambike," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Nambike, binti Mchome."

Nikafungua bomba. Majani yalianza kugeuka, ya chini kwanza, halafu ya katikati. Yalipita mbele yangu kama sipo, yakamwelekea yule mama aliyekaa kwenye jiwe, yote, mpaka vichipukizi.

Alipokea kikombe, akanywa mpaka mwisho, akakunja uso.

"Kali," alisema. "Ulishindwa hata kutia tangawizi?"

Nilimsaidia kuinuka. Alichukua panga lake, akalirudisha mwenyewe nyuma ya mlango, akaniambia sufuria yake ndogo niipeleke jikoni, kwamba inafaa kuchemshia maziwa.

Jua lilipopanda nilitoa shati kwenye mfuko wa nailoni. Nililinyoosha mbele ya mti kama mwanzo, nikalishika kwa mabega yote mawili, mikono ya shati ikining'inia. Nilingoja. Upepo ulipita ukatikisa matawi, ukaisha. Majani yalibaki yameelekea dirisha la chumba cha mama.

Basi nikateka maji kwenye beseni, nikatia sabuni, nikaliingiza. Kwenye kola kulikuwa na udongo mwekundu wa shambani, umeganda tangu kabla ya mvua. Nilisugua kola. Maji yakawa mekundu. Mama aliita kutoka ndani akiuliza nafua nini asubuhi yote hii, na nilipofungua mdomo nimjibu ndipo nilipoanza kulia.